Shimo Lililofukiwa kwa Adabu

Mama Nabangala alitoka chumba cha maiti cha hospitali ya Mulago bila hata chozi moja, na hilo ndilo lililomtisha Inspekta Hajara. Mwanamke anayelia mbele ya maiti ya ndugu yake utampa kiti, utampa maji, utampa muda wake. Asiyelia ni wa kuangaliwa mikono.

"Ni yeye?" Hajara aliuliza.

"Ni Sifuna." Mama alifungua leso yake kiunoni akaifunga upya, fundo likakaza. "Kitinda mimba wa mama yetu. Nimemjua kwa jino la dhahabu, uso haukubaki wa kumjulia."

"Pole sana, mama."

"Sitaki pole, afande. Nataka Siraje."

Kesi ilikuwa imefikia hapo. Sifuna, mtu wa Bungoma aliyeingia Kampala na msumeno mmoja akaishia kumiliki malori ya mbao, alikuwa amepotea kwa wiki tatu. Juzi mbwa wa polisi alimfukua katika msitu wa Nakiyiga, nje kidogo ya jiji, kichwa kimepasuliwa kisogoni kwa kitu kizito. Simu yake ilikutwa mfukoni mwa Siraje, mchoma makaa wa msitu huohuo. Siraje wala hakuwa ameificha. Alitia laini yake mwenyewe, akawa anampigia mkewe kila jioni. Vijana walimkamata kabla ya polisi, na polisi walipofika alikuwa ameshapoteza meno ya mbele. Mkubwa wa kituo aliridhika: simu ipo, mtu yupo, kesho asubuhi mahakamani. Hajara peke yake ndiye ambaye hakuridhika, na hakuwa na cha kuonyesha ila picha za shimo.

"Mama, ndugu yako alikuwa na adui?"

"Mtu wa mbao gani hana adui?"

"Daktari Vera Nabwire, kwa mfano."

Mama Nabangala alimtazama kama mtu aliyeulizwa habari za jirani asiye na hatia. "Yule mama wa miti? Aa, afande, huyo mwache. Huyo ana Mungu."

Habari ya Vera kila mtu pale mtaani Bwaise aliijua. Alikuwa mtaalamu wa misitu, Msamia wa Busia, na mumewe Nashon ndiye aliyekuwa msaidizi wake kazini. Mwaka jana watu wa Sifuna waliingia usiku usiku katika eneo la utafiti wake wakaangusha mti wa musizi mkubwa kuliko nyumba. Nashon alisimama mbele kuwazuia, na mti ukamwangukia. Kesi ilikwenda mahakamani, mashahidi mmoja baada ya mwingine wakasahau walichokiona, na Sifuna akatoka mlangoni akitembea kwa miguu yake. Jumapili iliyofuata Vera alisimama kanisani, mbele ya Wakenya wote wa mtaa, akasema amesamehe.

"Tulikumbatiana," alisema Mama Nabangala. "Mimi na yeye, mbele ya altare. Nilimsikia moyo unavyodunda. Huyo alisamehe kweli. Lakini Siraje hakunikumbatia mimi. Mkewe anakaanga kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, kando ya mtaro, kila siku nampita nikienda dukani kwangu kuuza maharage. Tunajua walikopanga. Bwaise ni ndogo, afande."

"Maneno hayo usiniambie mimi. Mimi ni polisi."

"Ndiyo maana nakuambia, usije ukasema hukuonywa. Wahenga walisema akutendaye mtende."

"Walisema na nusu ya pili: mche asiyekutenda." Babu zake Hajara waliingia Uganda na misafara ya nguo kutoka pwani, na Kiswahili kwao kilikuwa cha jikoni na cha chuoni, si cha kambi za jeshi. Hakuwa mtu wa kukatiwa methali nusu. "Na kama Siraje hakukutenda?"

"Basi nani? Mtaje."

Hajara aligeuza ukurasa wa daftari lake. Jina la kutaja hakuwa nalo.

"Unaona?" Mama Nabangala aliokota mkoba wake. "Mmoja ameshawahi kufa mkasema hakuna muuaji. Huyo alikuwa mume wa mtu, nikanyamaza. Huyu ni wangu. Mkimpeleka Siraje mahakamani kesho, nitangoja. Mkimwachia, sitangoja."

Akaenda zake. Hajara alimsonya kimoyomoyo, kisha akajisonya mwenyewe, maana kila neno la yule mama lilikuwa na mantiki yake mbaya. Aliingia garini akamwambia Konstebo Aloyo aendeshe upesi.

*

Kituoni Hajara alimtoa Siraje mahabusu, akamfungua pingu, akampa jembe.

"Chimba hapa," alisema, akimwonyesha kipande cha uwanja nyuma ya ofisi, kwenye majani chini ya mparachichi. "Shimo la kufika magotini."

Siraje alilitazama jembe, akamtazama Aloyo, akarudi kwa Hajara. Mdomo ulikuwa umevimba na maneno yalitoka yamepinda. "Afande, mnataka kunizika?"

"Nataka kuona unavyochimba."

"Mimi nachoma makaa tu, afande. Kuua muntu, hapana. Simu ile nilikuta kwa tanuri yangu. Tanuri lilikuwa limezima, mvua iliingia. Nikafungua udongo, simu hii hapa. Nikasema Allah amenipa."

"Nimekusikia jana, nimekusikia juzi. Chimba."

Alichimba. Alikuwa mchimbaji mzuri, kazi yake ndiyo hiyo, kufunika magogo kwa udongo yaive polepole. Kwanza yalitoka majani makavu ya mparachichi, chini yake udongo mweusi kiasi cha kiganja, chini yake ule mwekundu wa Kampala unaochafua viatu vya mji mzima. Vyote alivirusha upande mmoja, lundo likawa moja.

"Sasa fukia."

Siraje akafukia. Akavuta lundo kwa jembe, akalikanyaga kwa miguu, akasogeza majani juu kwa mguu ili papendeze. Kidogo tu. Papo hapo ungeona doa jekundu linacheka katikati ya kijani.

"Aloyo, zamu yako."

"Mimi, afande? Na sare hii?"

"Na sare hiyo."

Aloyo, binti wa Gulu aliyelelewa kwenye kambi za jeshi, alichimba huku akinung'unika kwa Kiacholi. Naye alirusha lundo moja. Naye alipofukia, kilichokuwa chini kikaja juu, kwa sababu jembe huvuta lundo zima kwa pamoja, na kila kitu kikachanganyika kama ugali na mboga. Doa jekundu la pili.

Hajara alitoa picha za Nakiyiga akazitandaza kwenye boneti ya gari. Wafukuaji walikuwa wamefanya kazi safi, wakapiga picha kila walipoondoa tabaka. Juu majani makavu. Chini yake majani yaliyooza nusu, meusi meusi, yenye nyuzi nyeupe za kuvu. Chini yake udongo mweusi. Chini kabisa, juu ya maiti, udongo mwekundu mtupu. Mpangilio ule ule wa ukuta wa shimo ambao haujaguswa na mtu.

"Labda msitu umejifunika wenyewe," alisema Aloyo. "Wiki tatu, afande. Majani yanaanguka kila siku."

"Majani yanaanguka. Udongo mweusi unaanguka kutoka mti gani?"

Aloyo akacheka.

"Mtu anayezika maiti ana haraka," Hajara aliendelea. "Anatetemeka, anasikia hatua za watu ambao hawapo. Mwizi wa mbao hawezi kufanya hivi. Mchoma makaa hawezi. Huyu alitenga kila udongo mahali pake, halafu akaurudisha kwa adabu, kama mtu anayerudisha vyombo kabatini. Hata kwa ajili ya kutuficha ni kazi nyingi mno. Yeye hakuwa anatuficha sisi. Ndivyo mikono yake ilivyozoea."

Ndipo akakumbuka. Siku ya kwanza, pale Nakiyiga, kwenye kibanda cha watafiti, aliona turubai tatu zimeanikwa kwenye kamba zimefuliwa. Zimefuliwa, lakini udongo wa Uganda hautoki kwa maji: moja ilikuwa na wekundu, moja ina weusi, ya tatu safi kama iliyobeba majani tu. Alidhani ni za hema. Na alikumbuka kitu kingine kilichokuwa juu ya lile kaburi, kitu ambacho wafukuaji walikitupa pembeni na yeye akakiokota bila kujua kwa nini.

"Aloyo, nenda Bwaise kwa mke wa Siraje. Mtoe pale, mpeleke hata kwa dada yako. Mama Nabangala hatanii."

"Na wewe, afande?"

"Mimi naenda Bugolobi kunywa chai."

Siraje alikuwa bado ameshika jembe. "Lailah hatatoka," alisema. "Namjua. Atasema akikimbia watu watajua mumewe ni muuaji."

"Aloyo atambeba," alisema Hajara.

*

Fleti ya Daktari Vera Nabwire ilinuka kama msitu baada ya mvua. Vifuko vya wavu vilijaa kila mahali, juu ya viti, chini ya meza, kwenye kamba ya barazani palipopaswa kuanikwa nguo, na ndani ya kila kimoja mlikuwa na majani katika hatua yake ya kuoza. Picha ya Nashon ilining'inia juu ya televisheni, amevaa gambuti, anacheka.

"Karibu, Inspekta. Samahani, hicho kiti kina majani." Vera alikisafisha mwenyewe. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka arobaini na kitu, mikono migumu, sauti ya mwalimu. "Nimesikia mmempata mtu wenu. Mchoma makaa."

"Tumempata mtu. Kama ni wetu, bado." Hajara alikaa. Mfuko wa plastiki aliokuja nao, kaveera nyeusi ya sokoni, aliuweka miguuni. "Nieleze kazi yako, daktari. Mimi ni mtoto wa dukani, msitu najua kuni tu."

Vera alitabasamu. Mtu anayependa kazi yake ukimwuliza habari zake hawezi kukunyima.

"Jani likianguka watu hudhani limekwisha. Halijaisha. Wadudu wanalila, kuvu wanalila, mvua inashusha kilichobaki, mizizi inakichukua, kinapanda juu kinakuwa jani jingine. Ndiyo maana msitu hauna jaa la taka. Kazi yangu ni kufuata kitu kimoja kimoja, naitrojeni, fosforasi, kutoka jani hadi udongo hadi jani, nione kinachukua muda gani kurudi."

"Na mashimo mnachimba ya nini?"

"Kuona udongo ulivyopangana."

"Unachimba peke yako?"

"Tangu Nashon afe, ndiyo." Alisema kwa utulivu. "Wanafunzi wanaogopa Nakiyiga siku hizi."

"Pale alipozikwa Sifuna umeshafika?"

"Nitafikaje? Mmezungusha utepe wenu. Askari wako wamenifukuza kwenye eneo langu mwenyewe."

"Kwa hiyo hujapaona."

"Sijapaona."

Hajara aliitikia kwa kichwa, akanywa chai. Ilikuwa chai nzuri, ya tangawizi.

"Nina habari mbaya basi, daktari. Aliyemzika alifukia ovyo. Amevuruga kiwanja chako chote. Udongo mwekundu wote umekuja juu, mweusi umekwenda chini, majani yamechanganyikana na kokoto. Wataalamu wetu wanasema pale pameshakufa, hupimi tena kitu."

"Haiwezekani," alisema Vera.

"Nimeona kwa macho yangu. Wekundu mtupu."

"Hapana, mwekundu uko chini! Ulirudishwa chini, hauwezi kuwa…"

Chini barabarani bodaboda ilipiga honi, ikapita. Hajara aliweka kikombe mezani taratibu kisije kikagonga.

"Ulirudishwa na nani, daktari?"

Hajara aliinama, akafungua kaveera, akatoa mti mchanga wa musizi, urefu wa dhiraa moja, mizizi imefungwa kwa gazeti. Majani yake yalikuwa ya kijani kizito, kijani cha kushiba, lakini sasa yameanza kulegea. Aliulaza mezani.

"Huu ulikuwa juu yake. Wafukuaji waliudhani gugu."

Vera aliutazama. Kisha, jamani, alifanya jambo ambalo wakili yeyote angemkataza: aliinuka, akachukua jagi la maji, akalowesha lile gazeti, akaipanga mizizi kwa vidole, mmoja mmoja, kama anayemfunga mtoto nywele.

"Mmeung'oa vibaya," alisema. "Mzizi mkuu umekatika."

"Uliupanda lini?"

"Siku ileile." Aliketi. Sauti haikutetemeka, na uso wake, ambao miezi yote ile ulikuwa uso wa mjane mpole, ulibadilika ukawa uso wa mtu aliyeshiba. Yule wa kanisani alikuwa amefunika jeraha tu. Mwenye kovu usidhani kapoa. "Nilimpigia simu nikamwambia kuna mvule umeanguka wenyewe ndani ya eneo langu, sina nguvu ya kuuondoa, aje autazame. Hakuuliza mara mbili. Mtu aliyemfanya mwenzake mjane, anaitwa msituni na mjane huyohuyo, naye anakuja mbio kwa sababu ya mbao! Hakuniona hata kuwa ni mtu, Inspekta. Alinikuta kando ya shimo. Kila mtu ananikuta kando ya shimo, nani atashtuka? Akauliza mvule uko wapi. Nikamwambia tazama kwanza udongo wa hapa ulivyo mzuri. Akainama."

"Ukampiga na nini?"

"Chuma cha kutobolea udongo. Kipo pale nyuma ya mlango. Nimekiosha, lakini nyinyi mna dawa zenu."

Hajara hakugeuka kukitazama. "Ulisema umesamehe."

"Nilisimama kanisani nikasema, kweli. Nilitaka dada yake alale, na yeye alale, na nyinyi mlale. Mlipolala niliamka." Aliugusa musizi. "Aliangusha mti ulioota kabla babu yangu hajazaliwa, akauangusha juu ya mume wangu, na hakimu akamwambia nenda nyumbani. Nikasema sawa. Kama amekula msitu, msitu nao umle. Kila jani litakalotoka kwenye mti huu litakuwa na Sifuna ndani yake. Ningelichuma, ningelikausha, ningelisaga kwenye kinu changu, ningelipima nijue amefika wapi. Mwaka hadi mwaka. Hakuna mahakama ingempa kifungo kirefu kama hicho."

Alisema hayo kwa raha. Hajara alikuwa ameshasikia watu wengi wakiungama, wengine wakilia, wengine wakitapika. Huyu alikuwa anasomesha.

"Na simu?"

"Niliichomeka kwenye tanuri la makaa ili iungue. Nilidhani linawaka."

"Lilikuwa limezima. Mvua iliingia." Hajara alitoa pingu. "Siraje akaiokota. Wamemng'oa meno, daktari, na wewe umesikia habari hiyo tangu juzi. Umekaa hapa unapima majani."

Kwa mara ya kwanza Vera alitazama pembeni. "Nilijua mtamwachia. Hana hatia, mngeona tu."

"Kama mahakama ilivyoona ya Nashon?"

Vera alirudi kwenye mti, akanyoosha jani lililolegea.

"Akutendaye ulimtenda," alisema Hajara, na hasira aliyokuwa ameizuia tangu Mulago ikamtoka sasa. "Hilo utajibu kwa hakimu, na mimi binafsi sitakuhukumu kwa Sifuna, Mungu anisamehe. Lakini Siraje alikutenda nini? Lailah alikutenda nini?"

"Lailah ni nani?"

Simu ya Hajara ikalia. Alikuwa Aloyo. Nyuma yake kulisikika kelele, watu wengi, na mlio wa bati linalopasuka kwa moto. Hajara aliweka sauti juu, makusudi, akaishika simu katikati ya meza, karibu na ule mti.

"Afande, wamekuja!" Aloyo alikuwa anakohoa. "Huyu mke wa Siraje alikataa kutoka, nilimuomba nikachoka, akafunga mlango kwa ndani. Watu wakaja na petroli, wakidai tumemwachia Siraje. Nilivunja dirisha nikamvuta. Mikono yangu hii imeungua. Nimemleta barabarani lakini, afande… ameungua sana. Sana, afande. Tunatafuta gari la Mulago."

"Nabangala yuko hapo?"

"Alikuwepo. Alisimama mbele kabisa. Alisema huyu ni wa kulipia Sifuna."

Hajara alikata simu. Vera alikuwa amekaa wima, mikono mezani.

"Mimi sikumtuma mtu," alisema.

"Hukumtuma. Ulinyamaza." Hajara alimfunga pingu. Kisha alitia chuma kile ndani ya gunia bila kukishika kwa mkono mtupu, akafunga mdomo wa gunia, akaita gari. Mti mchanga wa musizi aliuacha pale pale juu ya meza mpaka mpiga picha afike, na hakuna aliyeumwagia maji tena.

*

Siraje aliachiwa alasiri hiyohiyo. Mkubwa wa kituo alitia saini bila kumtazama usoni. Hajara alimpeleka Mulago mwenyewe, na njia nzima hakujua amwambie nini, kwa hiyo alimwambia ukweli: nyumba imeungua, Lailah yuko hospitali, aliyemuua Sifuna amekamatwa naye amekiri.

Walichelewa. Muuguzi aliwakuta kwenye korido akamshika Siraje bega, akasema kwa Luganda maneno machache ya pole, na Siraje akaingia peke yake. Aloyo alikuwa ameketi kwenye benchi, mikono imefungwa bandeji hadi viwiko, anatazama sakafu.

"Nilimuomba," Aloyo alisema. "Afande, nilimuomba mpaka nikapiga magoti."

"Najua, mwanangu."

Siraje alipotoka alikuwa hajatoa hata chozi moja. Hajara aliliona hilo. Alimtazama mikono. Ilikuwa imening'inia tu, ina masizi ya zamani ya makaa kwenye kucha, ambayo hayatoki hata kwa sabuni.

"Huyo daktari," alisema Siraje. "Mtampeleka wapi?"

"Mahakamani. Kesho."

"Mahakama ile ya Sifuna?"

Hajara alisogea ukutani kupisha machela.

"Na mama wa maharage?"

"Tunamtafuta. Amelikimbia duka lake, lakini tutampata, Siraje. Nakuapia. Wewe nenda kwa ndugu zako, mzikeni Lailah, hilo lingine niachie mimi. Unanisikia? Niachie."

Siraje aliinama akaokota kandambili yake iliyokatika ukanda, akaivaa hivyohivyo. Alimpa Aloyo mkono, akakumbuka zile bandeji, akamgusa kiwiko badala yake na kumshukuru. Kisha akamgeukia Hajara kwa heshima zote, kama mtu anayeaga nyumba aliyokaribishwa vizuri.

"Hakuna taabu, afande," alisema. "Msichoke kumtafuta. Bwaise ni ndogo."